Jani Lisilokataliwa

Kadi ile aliiandika Bakili mwenyewe, kwa wino mweusi, na herufi zake zilinyooka kama zilizotoka mtamboni.

"ISALE. Jani la Wachagga wa Kilimanjaro. Mkosaji akimpelekea mtu aliyemkosea, mtu huyo hawezi kumnyima msamaha."

Maneno yale aliyapata kinywani mwangu. Nilisimama nyuma yake nikayasoma juu ya bega lake, wino haujakauka, na nikaona kwamba katika miaka yangu miwili ya ualimu sikuwahi kuandika ubaoni jambo zuri kama lile. Sikujua kwamba ni nusu tu.

Mwaka ule wa 1957 makumbusho ya mji wetu yalikuwa kajumba ka vyumba vitatu, kuta nene, madirisha madogo, si mbali na Mnazi Mmoja. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wenyeji wa mji waliitwa waje na vitu vya kwao wavieleze. Wazaramo walileta ngoma, Wamanyema wakaleta mikeka, na mama mmoja wa Kihindi alitoka Upanga na sinia la shaba la bibi yake, akalilia mbele ya watu. Kabati lililoandikwa "Kilimanjaro" ndilo pekee lililokuwa tupu. Siku nilipowapeleka wanafunzi wangu wa darasa la tatu, Bakili, kijana mrefu aliyekuwa akifuta vioo, aliniuliza, "Mwalimu, kwenu hakuna kitu hata kimoja cha kuonyesha? Au mlima wenyewe hauingii kabatini?"

Nilicheka. Wiki iliyofuata nikamletea jani la isale. Mama alikuwa ameotesha shina lake katika debe uani kwetu, Mtaa wa Sikukuu, kama alivyoliona limezunguka mashamba ya kwao tangu utoto. Nilipompa, vidole vyetu vikagusana, na hakuna kati yetu aliyekuwa na haraka ya kuondoa chake.

Hayo yalikuwa ya Februari. Kufikia Juni, Bakili alikuwa amekwisha kumtuma mshenga, mzee wa heshima kutoka Gerezani, na baba yangu, Mzee Elisaria, alikuwa amekwisha kuirudisha barua ya posa bila kuifungua. Alimkaribisha mshenga, akampa kahawa, akamuuliza habari za mgongo wake, kisha akamrudishia bahasha yake ikiwa imefungwa vilevile. "Mwambie kijana wako," alisema, "vitunguu vyangu nauzia dini zote. Binti ninaye mmoja."

Halafu yakaja maonyesho ya arusi.

Lilikuwa jambo la watoto. Jumamosi ile makumbusho yalitaka kuonyesha arusi ya pwani, na msichana aliyepangwa kukaa kama bibi arusi akashikwa na homa. Nikavikwa shela mimi. Bwana arusi hakuhitaji kutafutwa. Tulikaa mkekani, watoto wakaimba, akina mama wakapiga vigelegele, na mlangoni nikamwona baba mdogo Theophil, aliyekuwa akipita kutoka kumtafutia Baba lori, amesimama na mdomo wazi. Ilipofika alasiri, Kariakoo nzima ilikuwa na habari kwamba binti wa Elisaria muuza vitunguu ameolewa Mnazi Mmoja bila baba yake kujua. Watu walikuja dukani kumpa Baba mkono wa pongezi. Wengine walikuja kwa dhihaka. Baba aliupokea kila mkono, akafunga duka saa kumi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku alipofiwa na kaka yake.

Hakunipiga wala hakunifokea. Aliacha kusema nami.

Jumatatu nilikwenda makumbusho baada ya shule. Bakili alikuwa peke yake, ameketi kwenye kiti cha mlinzi, kofia yake mapajani.

"Eli," aliniita. Yeye peke yake duniani ndiye aliyelikata jina langu hivyo. "Baba yako ananichukia?"

"Hakuchukii. Hakujui."

"Na atanijuaje ikiwa barua hafungui?"

Aliinuka, akasimama mbele ya kabati letu. Jani la isale lilikuwa limeanza kukauka pembeni.

"Hili," akasema polepole. "Ni kweli haliwezi kukataliwa?"

"Ndivyo Mama alivyonisimulia. Babu aliletewa na mtu aliyemwulia ng'ombe wa maziwa. Akalipokea, yakaisha."

"Ng'ombe wa maziwa!" Macho yake yakang'aa kwa mara ya kwanza siku ile. "Mimi nimeua nini? Nimekaa kando ya binti yake tu."

"Kando ya binti yake, na shela kichwani."

"Shela la makumbusho. Lina namba ya kabati kwenye pindo."

Tulicheka, kisha sote wawili tukalitazama lile jani kwa wazo moja.

"Akinisamehe atanikaribisha kiti," alisema. "Nikikaa, ataniuliza kwetu wapi na wazazi wangu ni nani. Mtu akishakuuliza habari za kwenu, Eli, amekwisha fungua mlango."

"Na dini je?"

"Nimekwambia tangu mwanzo, kila mtu na njia yake ya kumwomba Mungu mmoja. Nitamwambia hivyo naye. Lakini nitamwambiaje nikiwa barabarani?"

Nilimtazama. Alikuwa na macho ya mtu anayeamini kila anachokiandika kwenye kadi. Mungu anisamehe, niliyapenda macho yale kuliko nilivyopenda busara.

"Nitakuletea bichi," nikasema. "Hili limekauka."

*

Nilikata jani Jumamosi jioni, Mama akiwa jikoni. Nililiviringisha katika gazeti, nikampelekea Bakili njia panda ya Msimbazi. Niliporudi, Mama alikuwa amesimama karibu na debe, ameinama, anapapasa pale penye jeraha.

"Limekatwa," alisema bila kugeuka.

"Ni mimi, Mama."

"La nini?"

Hapo ndipo ulimwengu wangu ulipogeuka, na sikuusikia ukigeuka. Ningesema kweli, ningeokoka. Lakini nilimwogopa. Sikuogopa kiboko, niliogopa asije akasema "usifanye".

"La makumbusho," nikajibu. "Lile la kwanza limekauka."

Akanyoosha mgongo, akanitazama kwa muda. "La kabatini tu?"

"La kabatini tu."

"Haya," alisema, akafuta mikono kwenye kanga. "La kabatini halina neno."

*

Baada ya ibada ya Jumapili Baba hupenda kukaa uani na kahawa yake, kiti chake kimeegemea ukuta, na baba mdogo Theophil kwenye kigoda mbele yake akimpa habari za barabara ya Moshi. Siku ile walikuwa wakizungumza habari za lori lililokwama Korogwe. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Sikuwa naona pumba wala punje.

Hodi ilipopigwa, niliitambua.

"Karibu," alisema Baba, kabla hajaona ni nani.

Bakili aliingia. Shati jeupe limepigwa pasi, kofia kichwani, mikono yote miwili nyuma. Baba mdogo alimwona kwanza, akapiga goti lake kofi.

"Lahaula! Bwana arusi! Mbona leo umekuja bila vigelegele? Au watazamaji umewaacha nje?"

"Shikamoo, Mzee," Bakili alimwambia Baba.

Baba hakuitikia. Aliweka kikombe chini, taratibu, kama mtu anayejiandaa kusimama.

"Na mimi huniamkii?" aliendelea baba mdogo. "Mimi ndiye shahidi wa ndoa yako. Nilisimama mlangoni mpaka mwisho, hata pilau sikupewa."

Ndipo Bakili alipoleta mikono mbele. Jani lilikuwa limefungwa fundo moja katikati, kama nilivyomwelekeza. Alipiga magoti kwenye udongo wa ua wetu, akalinyoosha kwa mikono miwili.

Baba mdogo Theophil akaacha kucheka. Akasimama kutoka kwenye kigoda, akavua kofia yake. Sikuwahi kumwona akivua kofia nje ya kanisa. Mama alikuwa ametokea mlangoni mwa jikoni, akajiziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani ni furaha.

Baba alilitazama lile jani muda mrefu sana.

"Nani amekupa hili?"

"Nimejifunza habari zake makumbusho, Mzee."

"Sikuuliza umejifunza wapi."

"Ni mimi, Baba," nikasema. Hayo ndiyo maneno ya kwanza tuliyosemezana tangu Jumamosi ya maonyesho.

Hakunitazama. Alimwambia Bakili, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "Unajua ulichoshika?"

"Najua. Nimekuja kuomba msamaha."

"Wa kosa gani? Isale haiji na kosa lililofumbwa. Litaje."

"Nimekukosea juu ya binti yako, Mzee. Nilimpenda bila ruhusa yako. Nilikaa naye mbele za watu kama mume na mke, ukaaibika sokoni. Hilo ndilo kosa langu. Ninaliweka mikononi mwako."

"Lote umelisema?"

"Lote."

Baba akainuka. Akalipokea jani kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Nimekusamehe," alisema. "Mbele ya mdogo wangu, mbele ya mke wangu, mbele ya Ruwa, Mungu wetu, anayetuona. Aibu ile sitaitaja tena mpaka naingia kaburini, na atakayeitaja mbele yangu atakuwa amenitukana mimi. Simama, mwanangu. Kaa hapa."

Mwanangu! Mchele ulinimwagika mapajani. Baba alimketisha kwenye kigoda cha baba mdogo, akajaza kikombe chake mwenyewe, akanywa kidogo, akampa Bakili amalizie. Kisha, Mungu wangu, akamuuliza kwao wapi.

"Masasi, Mzee. Lakini mama yangu yuko Lindi."

"Yu mzima?"

"Mzima, ila macho yamepungua. Husuka ukili wa mikeka kwa vidole tu, na bado anawashinda wenye macho."

"Ehee," Baba akatabasamu. "Bibi yangu naye alikuwa hivyo. Alikuwa akijua kila mbuzi kwa kumshika sikio. Na hapo makumbusho, kazi yako hasa ni nini?"

"Natunza makabati, na kadi zote naandika mimi."

"Una mwandiko mzuri, basi."

"Najaribu, Mzee."

Kwa dakika chache nyumba yetu ilikuwa kamili. Baba, mpenzi wangu, kahawa, mwanga wa saa nane juu ya debe la isale. Nimeishi miaka mingi baadaye na sijapata dakika nyingine za namna ile. Bakili alinitupia jicho, mara moja tu, jicho la mtu aliyevuka mto. Akaweka kikombe chini.

"Mzee, kwa kuwa umenisamehe, naomba unipe ruhusa nimtume tena mshenga wangu."

Baba mdogo alimgeukia Baba.

"Huyu mtoto hajui," alisema baba mdogo Theophil, bila mzaha hata chembe. "Kaka, huyu hajui."

Baba alikuwa bado ameshika lile jani. Alilizungusha vidoleni, fundo likienda juu, likirudi chini.

"Bakili," alisema, "umesema mbele yetu kwamba kumpenda binti yangu ni kosa. Sikulisema mimi, wewe umelisema, umelifunga fundo, umelileta. Nami nimelipokea. Kosa lililosamehewa kwa isale halirudiwi. Likirudiwa, si ugomvi wangu na wewe tena. Ni ukoo na ukoo, na hakuna jani la pili la kuuzima. Kwa hiyo hatulileti ovyo. Babu zetu walikuwa radhi kuvumilia matusi miaka kumi kuliko kuleta isale kwa jambo wasiloweza kuliacha."

"Sikujua, Mzee."

"Naona hukujua. Ndiyo maana ninaumia."

"Basi lirudishe," nililia. "Baba, mrudishie jani lake! Mwambie hukulipokea!"

"Halirudishwi, Elieshi."

"Mimi ndiye niliyemfundisha! Kosa ni langu. Hayo mengine sikuyasikia kamwe!"

"Nani alikufundisha nusu?"

"Ni mimi," alisema Mama kutoka mlangoni. Machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti. "Alikuwa na miaka saba, amevunja chungu chako cha kutoka nyumbani, anaogopa kurudi ndani. Nikampa jani akuletee. Nikamwambia sehemu inayomfaa mtoto. Iliyobaki huambiwa msichana anapokaribia kuolewa, na mimi nilikuwa nangoja." Akanigeukia. "Jana nilikuuliza, mama. Nilikuuliza mara mbili."

Niliweka uso wangu katika ungo wa mchele.

"Nikwambie jambo ambalo sikupaswa kukwambia," Baba alisema, na sasa alikuwa akizungumza na Bakili kama mtu na rika lake. "Ile barua yako niliirudisha bila kuifungua. Ungekuja mwenyewe, mikono mitupu, ningekufukuza. Ungerudi mwaka mzima, ningekufukuza mwaka mzima. Lakini mimi si jiwe. Nampenda huyu mtoto. Huenda mwaka wa pili ningechoka."

Nje, mchukuzi wa mkokoteni alipita akipiga kelele watu wampishe njia.

Bakili alisimama. Nikamkimbilia, sikujali nani ananiona.

"Wewe si Mchagga," nikamwambia. "Halikufungi! Ni mila ya watu wengine. Kesho tunaweza kupanda meli tukaenda Lindi, kwa mama yako, nani atatufuata na jani?"

Alinitazama, na katika macho yale niliona kila kitu nilichokipenda, na nikajua kwamba hicho hicho ndicho kitakachonifanya nimpoteze.

"Nililishika kwa mikono miwili, Eli. Kama halinifungi mimi, halikumfunga yeye. Naye amenisamehe aibu ya soko zima, amenipa kikombe chake." Akalitazama jani mkononi mwa Baba. "Kila siku nawaambia watu, vitu hivi si vya kuchezea, vina watu ndani yake. Leo kimenigusa mimi, niseme kilikuwa kitu cha kabatini tu?"

"Sema!" nikamshika mkono wa shati. "Sema hivyo, Bakili, mara moja tu."

"Siwezi."

Aliuondoa mkono wangu, kidole kimoja kimoja, kwa upole ule ule aliokuwa akiwekea vitu nyuma ya vioo. Akamgeukia Baba.

"Aika, Mzee," alisema. Asante ya Kichagga, nilimfundisha mwezi Machi, ili siku moja amfurahishe mkwewe.

"Aika, mwanangu," Baba akajibu, akageuza uso ukutani.

*

Wiki ya tatu mwalimu mkuu aliniambia niwapeleke wasichana wangu makumbusho, maana kulikuwa na vitu vipya. Sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuitamka. Mlangoni tulipokelewa na mzee nisiyemjua. Nilimwuliza habari za Bakili kana kwamba ni jambo la kupita tu.

"Yule mwandishi wa kadi? Kaacha kazi. Kapanda meli ya Lindi wiki iliyopita, kasema mama yake haoni." Akatikisa kichwa. "Sijui nani atatuandikia tena."

Wasichana walikwisha kufika kwenye kabati letu, pua zao kwenye kioo. Jani la kwanza lilikuwa palepale, sasa la rangi ya udongo. Lakini kadi ilikuwa mpya. Mstari wa kwanza ulikuwa ule ule. Chini yake, kwa wino ule ule mweusi, herufi zimenyooka, hakuna hata moja iliyotetemeka, aliongeza wa pili.

"Mwalimu, tusome?" waliuliza, kwa sababu niliwazoeza kusoma kila kadi pamoja, mimi mbele, wao nyuma.

Nikawasomea wa kwanza. Wakaurudia kwa sauti zao nyembamba: mkosaji akimpelekea mtu aliyemkosea, mtu huyo hawezi kumnyima msamaha. Nilitamani kuishia hapo. Walikuwa watoto, sehemu yao ilikuwa hiyo, na ilikuwa sehemu nzuri. Nilimfikiria Mama na kile chungu.

Kisha nikaweka kidole kwenye kioo, chini ya neno la kwanza la mstari wa pili, ili hata wa mwisho aone, nikausoma wote. Nao, wasichana thelathini na wawili, wakausema baada yangu, wazi, bila kukosea:

"Na aliyesamehewa kwa jani hili, kosa hilo halirudii."